Feni za Kompyuta na Sauti ya Baba Mkwe

Kompyuta yangu ya kazi ilikuwa inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na kwa miaka minne sikujali. Nachapa barua, kadi za harusi na ratiba za mazishi hapa Kyela mjini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nje ya dirisha bodaboda zinapita mchana kutwa. Nani atasikia feni? Nilianza kujali baba mkwe alipoambiwa huko Mbeya kwamba koo lake litapasuliwa, na kwamba baada ya hapo huenda asiongee tena.

Alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Akasema kabla hawajamkata anataka kuwaachia watoto wake maneno kwa sauti yake mwenyewe: nani kamzaa nani, na mpaka wa shamba la Ngana unapita wapi, maana vijana wa siku hizi mto ukihama na wao wanahamisha mpaka. Mume wangu akamwekea simu mezani arekodi. Katikati simu ikaita, rekodi ikakatika, na mzee akasema haongei na kitu kinachomkatiza. Kipaza sauti ndicho anachokijua, tangu kanisani. Mimi ninacho kimoja, ila waya wake mfupi, kwa hiyo kompyuta ilibidi iwe palepale mezani, mbele ya pua yake.

Na mimi siwezi kukaa naye chumba kimoja. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto anamwogopa baba mkwe: hakutani naye, hamtazami usoni, haongei naye, hata jina lake halitaji. Wengi mjini wameshaacha, na wenzangu wa kutoka mikoa mingine wananicheka, lakini mzee hakuacha na mimi sikuwa wa kumfundisha. Yeye na mama mkwe walipohamia kwetu, mara tu nilipoolewa, tukawapa nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja. Yeye anasali ibada ya kwanza, mimi ya pili. Chakula napika mimi, mama mkwe anapeleka. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo na hatujawahi kugombana, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu mama mkwe.

Basi mara ya kwanza nilifanya hivi: nikawasha kompyuta, nikaanzisha rekodi, nikatoka mlango wa nyuma kwenda jikoni. Mama mkwe akamleta mzee, akamkalisha, akamwambia ile mashine inayonguruma ndiyo inayosikiliza, wewe ongea. Akaongea nusu saa, akachoka, akasema habari za mpaka atazimalizia siku nyingine. Alipoondoka nikarudi kusikiliza. Mungu wangu! Ni ngurumo tupu. Sauti yake ilikuwa imeshapungua, inakwaruza, iko chini kabisa kama mtu anayeongea kisimani. Nilijaribu programu ya kufuta kelele, ikafuta kelele na mzee pamoja nayo.

Nilikasirika, kwanza na kompyuta, halafu na mimi mwenyewe. Nikaifungua, nikatoa vumbi la miaka minne kwa brashi ya rangi, nikadondoshea feni mafuta ya cherehani. Ikanyamaza siku mbili, ya tatu ikaanza upya, tena ikaongeza na mlio wa kukoroma. Safari ya Mbeya ilikuwa imebaki siku tano. Nikaenda kwa muuza vifaa vya kompyuta karibu na soko, mtu mwenye asili ya Tanga, Kiswahili chake kimenyooka mpaka mtu unaona aibu kufungua mdomo.

Nilimwambia nipe feni moja ndogo, maana akili yangu ilisema feni chache, kelele chache. Akacheka. Akanieleza taratibu kwamba feni ndogo inalazimika kukimbia ili ivute hewa ya kutosha, na kukimbia ndiko kunakopiga kelele. Kubwa inazunguka polepole na kazi inafanyika. Nichukue mbili za sentimita kumi na mbili, ndizo zinazoingia kwenye matundu ya boksi langu, ya mbele ivute hewa ndani na ya nyuma iitoe nje. Halafu akajaribu kuniuzia zile zenye taa za rangi. Nikamwambia mgonjwa wangu haendi disko.

Tulichagua kwa sikio. Alifunga mlango wa duka, akaziunganisha na betri moja moja, nikawa naziweka sikioni. Mteja mmoja akaniuliza nampigia nani. Mbili za kwanza zilikuwa na mkwaruzo mdogo, na mwenyewe akakiri kuwa hizo zinazunguka kwenye bushi, mafuta yakikauka zinapiga yowe. Ya tatu ilikuwa na beringi nzuri ya gololi, na plagi yake ina nyaya nne, maana yake kompyuta inaweza kuipunguzia mwendo yenyewe kukiwa hakuna joto. Niliiweka sikioni nikasikia upepo tu. Nikachukua mbili za aina hiyo na nyingine ya kukaa juu ya prosesa, pamoja na pini za mpira za kufungia badala ya skrubu, ili boksi lisitetemeke.

“Dada yangu,” akaniambia akinifungia, “kimya kingi kina mshindo mkuu.”

Nilidhani ananitania tu.

Kuzifunga kulinichukua mchana mzima. Ya nyuma niliigeuza vibaya, zote mbili zikawa zinavuta ndani na joto likabaki humo kama kwenye chungu cha ndizi, mpaka nilipoona kimshale kidogo ubavuni kinachoonyesha hewa inaelekea wapi. Nikaigeuza. Nikawasha, nikainama, nikaweka sikio kwenye boksi. Hakuna kitu. Ilibidi nitazame kioo nijue kama imewaka. Nilifurahi mno, nikajipongeza kwa sauti nikiwa peke yangu.

Siku ya safari, asubuhi, nikaanzisha rekodi, nikazima kioo kisimmulike mzee machoni, nikatoka. Mama mkwe akamkalisha kwenye kiti, kisha akaenda kufungasha mizigo, maana basi lilikuwa la saa sita. Mimi niko jikoni namenya ndizi, moyo wangu mweupe. Baada ya muda nikasikia mlango umefungwa. Nikasema moyoni, haya, amemaliza. Wakaondoka. Niliwasindikiza kwa macho kupitia ufa wa mlango wa jiko.

Ndipo nikarudi kusikiliza. Mwanzoni kiti kinalia. Mzee anakohoa. Kisha kimya kirefu, hata jogoo wa jirani anasikika. Halafu akasema kwa Kinyakyusa, sauti safi kabisa, kila mkwaruzo unasikika: “Umeme wao umekatika tena.”

Nikashika kichwa. Alikuwa anasubiri ngurumo! Kwake ngurumo ndiyo ilikuwa sikio, na mimi nimekwenda kuliondoa kwa mikono yangu na wala sikumwambia mtu amweleze. Hakusema neno moja kuhusu mpaka. Alikaa tu akisubiri umeme urudi, na alipochoka kusubiri akaanza kuongea peke yake, kama wazee wanavyofanya.

“Huyu binti amehangaika bure,” akasema. “Miaka kumi na tisa nakula kilichotoka mkononi mwake, na sura yake naijua kwa picha ya harusi tu. Nikirudi sina sauti, nani atamwambia ndaga?”

Baada ya hapo kiti kikalia, mlango ukafungwa. Ndaga kwetu ni asante. Nililia, sifichi.

Nilipiga simu Mbeya jioni. Mama mkwe akasema ameshalazwa, wanampasua kesho asubuhi, na daktari amemkataza kuongea. Alirudi baada ya wiki tatu, mzima, ana tundu shingoni na daftari mkononi. Watoto wake wakaomba rekodi, nikawapa ile ya kwanza. Mpaka leo shemeji yangu wa Dar analalamika kwamba babu zake wote wametajwa ndani ya mashine ya mpunga. Ana haki.

Ile ya pili sikuwapa. Nilikaa nayo siku nne nikiwaza kama ni halali yangu kuwa nimeyasikia maneno yale. Ya tano nikamwomba mama mkwe amwambie mzee kwamba siku ile umeme haukukatika. Akaenda nalo neno hilo pamoja na sahani ya chakula. Sahani ilirudi haijaguswa, na juu yake lile daftari, limefunguliwa.

Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa kialimu: “Kwa hiyo ulisikia?”

Nilimuuliza mama mkwe kama kumwandikia nako ni mwiko. Akasema hajui, wazee wa zamani hawakuwa na madaftari. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: “Nilisikia, baba.” Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.