Friji Lililokuwa Likihema

Mwanangu, mafriji niliyoyafungua maishani siwezi kuyahesabu, lakini nakumbuka moja lililokuwa likihema. Unacheka? Cheka tu, hata mimi nilicheka kabla sijalisikia.

Nilikuwa kijana pale Manyoni, fundi wangu Mzee Gunda ameniruhusu kwenda kwa wateja peke yangu miezi michache tu, na tayari najiona daktari. Mchana mmoja wa kiangazi, upepo wetu huu unapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti, mjane mmoja aliniita nyumbani kwake nyuma ya stesheni. Tulimwita Mama Neema. Mumewe alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.

"Friji halipoozi," akaniambia, "na dawa ya mtoto imo ndani."

Binti yake Neema, wa miaka kumi, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alichomwa sindano kila siku, na dawa ile ikipata joto huharibika. Kwa hiyo nilichoitiwa kilikuwa uhai wa mtoto, si soda za kupooza.

Sebule ilikuwa tupu. Desturi unaijua: msiba ukiingia, viti na makabati hutolewa, watu wakae kwenye mikeka. Friji nalo lilikuwa limebebwa hadi chumbani kwa marehemu, likabanwa kwenye kona, na mtu akalitupia blanketi la marehemu lisiingie vumbi. Blanketi likabaki hapo hapo, maana kwao nguo za marehemu haziguswi mpaka matanga yaanuliwe.

Nikasimama mbele yake. Likaunguruma kwa shida, kama mtu anayevuta pumzi kifua kimembana, kisha tik, kimya. Baada ya muda likaanza tena, likavuta, tik, kimya.

"Unasikia?" Mama Neema akaninong'oneza. "Hivyo hivyo ndivyo baba yake Neema alivyohema mpaka akakata roho."

Nywele zilinisimama, sikufichi. Sijakaa sawa, Neema akaingia kutoka shule na mkoba wake mgongoni. Akaliinamia lile friji, akasema taratibu, "Shikamoo, baba." Likavuta pumzi. Akatabasamu, akaenda zake kubadili nguo.

Jua lilikuwa linawaka nje, lakini mimi nilisikia baridi. Nilichotaka ni kutoka mle chumbani. Sikuuliza tatizo lilianza lini, sikulivuta kutoka ukutani, na blanketi sikuthubutu kuligusa. Nikaamua tu kwamba gesi imeisha. Nikachomoa plagi, nikapenyeza mkono chini ya blanketi, kwenye uwazi wa ubavuni karibu na mota, nikakata kile kimrija cha kujazia gesi ili nijaze upya. Woga ndio ulioshika koleo, mwanangu.

Ikatoka pumzi moja ndefu, fyuuu, kama haitaisha. Friji lililoishiwa gesi halitoi pumzi hivyo. Nikajua papo hapo kwamba nimeua kilichokuwa kizima.

Mama Neema akapiga magoti sakafuni. "Amekwenda," akasema.

Na Neema, mlangoni: "Mama, mbona baba amenyamaza?"

Nilikimbia kumwita Mzee Gunda. Alipofika hakugusa kitu. Alikaa mkekani, akatoa pole za msiba. Ndipo akamgeukia bibi, mama mzazi wa marehemu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Mama, friji lilikuwa linagandisha mpaka lini?"

"Mpaka siku ya msiba."

"Siku hiyo mlilifanya nini?"

"Tulilihamisha, baba. Hatukulifanya kingine."

Mzee Gunda akaliendea friji, akajaribu kupitisha kiganja kati yake na ukuta, hakikupita. Akamwomba bibi ruhusa ya blanketi. Bibi alisimama, akalivuta mwenyewe, akalikumbatia. Nyuma pale palikuwa bado pa moto kama jiko lililotoka kuzimwa.

"Halikuwa linaumwa," Mzee Gunda akaniambia mbele yao wote, nami nikatamani ardhi inimeze. "Friji hutoa joto lake kwa nyuma. Limebanwa, limefunikwa, mota inachemka, inajizima isiungue, ikipoa inajaribu tena. Ndiyo hiyo tik. Lilikuwa linaomba hewa, wewe ukalikata koo. Kuuliza si ujinga, kijana."

Bibi akaichukua dawa, akaitia kwenye chungu cha udongo, akakiweka ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, akafunika kwa kitambaa kilicholowa pale dirishani upepo unapopita. Siku mbili nilizongoja gesi kutoka Dodoma nilikwenda asubuhi na jioni kulowesha mchanga ule, moyo juu juu. Majuto ni mjukuu, lakini dawa haikuharibika, na Neema hakudhurika.

Gesi ilipofika tulilijaza, tukalirudisha sebuleni, mbali na ukuta. Likaunguruma laini, bila kukatika. Neema akaweka sikio kwenye mlango wa friji, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu siye," akasema. Akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Bibi akampakata. "Baba yako hayumo humu, mjukuu wangu. Humu imo dawa yako."

Kuna jambo sikumwambia hata Mzee Gunda. Siku ile plagi ilikuwa mkononi mwangu na gesi yote imekwisha kutoka, lakini Neema alipouliza swali lake, nilisikia tik. Chuma kikipoa hulia, najua. Nimejiambia hivyo miaka yote.

Basi, friji lako likigoma kupooza, kabla hujashika koleo uliza lilianza siku gani, na siku hiyo nyumbani kulibadilika nini. Tazama plagi, papasa mpira wa mlango, pitisha kiganja nyuma yake. Ukiona unaogopa, kaa kwanza mkekani, maana mwenda pole hajikwai. Na watu ndivyo walivyo, mwanangu: wengi wanaoonekana wabovu wamebanwa ukutani tu, wamefunikwa huzuni isiyo yao.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio linalongoja. Dawa ya nyumbani mwako isiharibike. Wafu wako walale, nawe upate nguvu ya kuwaacha walale.