Kumtafutia Shemeji Mawimbi

Mwaka ule nilizijua pwani za dunia kuliko mtu yeyote wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na bahari yenyewe sijaiona hadi leo. Nilijua wapi maji ni ya uvuguvugu, wapi kuna papa, wapi mwamba unachana miguu. Wenzangu kambini walikuwa wanahangaikia mbegu za maharage. Mimi nilikuwa namtafutia mume wa dada yangu mawimbi.

Sababu ilikuwa matanga ya baba. Tulimzika hapa hapa kambini, dada akiwa ameshachukuliwa kwenda Ulaya na bado hana hati za kusafiria. Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga hupikwa pombe ya mtama, na mzaliwa wa kwanza ndiye anayetangulia kunywa kwa mrija, kisha wengine wote. Hapo ndipo msiba unatoka nyumbani. Kabla ya hapo, nyumba haipokei mahari wala haiozi binti. Mzaliwa wa kwanza ni dada. Mwenye mchumba ni mimi.

Mama hakutaka kusikia habari ya njia nyingine.

"Baba yenu tulimuzika mutoto mukubwa hayuko," alisema. "Na kilio chake kitoke mutoto mukubwa hayuko? Alikuwa mbwa?"

Nilikuwa nimefika umri ambao mashangazi wanakuita maskini bila hata kupunguza sauti.

Dada alikuwa na likizo moja kwa mwaka, na hiyo moja haikuwa yake.

"Konje ya mwaka huu ni ya bwana yangu," alisema kwenye simu. "Anataka plaje yenye mawimbi. Mukinipatia fasi nzuri karibu na kwenu, yeye atabakia na mawimbi yake, mimi nitapanda nije, tumalize ile kazi ya baba. Lakini iwe mawimbi ya kweli. Unamujua vile alivyo."

Simjui. Namjua kwa picha moja tu, ubao mrefu kwapani, suruali fupi. Ni mtu mzima anayesimama juu ya ubao ili maji yamsukume mpaka ufukweni, halafu anarudi kuanza upya. Nilimwuliza dada mumewe anapata nini huko. Akasema anapata amani. Sawa. Sisi amani tuliifuata kwa miguu, na mizigo kichwani.

Basi nikaanza kazi. Siku za kupeleka vitunguu mjini Mbarara nilikuwa nikimaliza kuuza nakaa kwenye ngazi ya duka la simu, kwa sababu pale mtandao unashika, natazama video za maji. Nikajifunza kwamba sehemu nyingi za pwani ya Kenya zina mwamba mbali kidogo na ufuko, na mwamba huo unayakata mawimbi kabla hayajafika mchangani. Watalii wanausifu utulivu huo. Mimi niliulaani. Nikahamia Tanzania, maana Kikagate, mpakani penye mto, si mbali, nikajiambia pengine Mungu ameiweka heri yangu ng'ambo ya mto. Kila pwani niliyoifungua, maji yamelala kama yamepewa dawa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikawa namwuliza kila aliyewahi kuiona bahari, na waliowahi walikuwa wachache. Mmoja wao ni mteja wangu, askari wa kambi ya jeshi pale Mbarara, ambaye mkewe humtuma vitunguu. Alikuwa amerudi kutoka Somalia.

"Afande, bahari ya kule iko na mawimbi?"

"Eeh! Nyabo," akaniita bibi kwa lugha ya kwao, "ile maji iko na nguvu. Inakuja kama ukuta, inapasuka, paa! Inamwagia hata sisi ya sentri."

"Inafaa kwa likizo?"

Akaniangalia kama nimeuliza bei ya kifaru. "Likizo ya nani?"

"Ya shemeji yangu. Anasimama juu ya maji na ubao."

Alicheka mpaka mfuko wa vitunguu ukamponyoka. "Mwambie aende! Mawimbi ni ya bure. Lakini aache wosia kwanza."

Nikacheka na mimi, halafu kicheko kikageuka, nikajikuta nalia sokoni mbele ya watu, nimeshika kitunguu. Akaacha kucheka. Akachuchumaa kuokota vitunguu vyake polepole, nadhani ili asinitazame.

"Pole, nyabo. Sikia. Ile upepo ya mwezi wa sita ndiyo inaamsha maji. Na si ya Somalia peke yake. Inapitia Kenya kwanza."

Nikarudi kwenye ngazi yangu, nikatafuta video za mwezi wa sita tu. Na nikapata. Mahali fulani pwani ya Kenya mwamba una mwanya, maji yanaingia kwa hasira, na vijana wa pale wamesimama juu ya mbao wakipiga kelele. Nilihema. Nikamtumia dada papo hapo, na jioni ile nikampikia mama wali kama mtu aliyekwisha kutolewa mahari.

Jibu lilichelewa. "Bwana yangu ameangalia," dada alisema. "Anasema hayo ni mawimbi ya batoto ba kujifunza."

Maji ya kifuu bahari ya chungu. Mimi niliona mlima, yeye aliona beseni. Nikatuma pwani nyingine, na nyingine. Mwishowe niliacha aibu nikamwambia, "Dada, mimi siombi bahari. Naomba uje unywe mrija mumoja." Alilia kweli. Simsingizii kwamba hatupendi. Akasema ataongea naye.

Mchumba wangu anatengeneza boda boda, mtu mpole, mikono yake ina harufu ya oili hata Jumapili. Alinisubiri nje ya kanisa.

"Mama yangu anauliza kama muko munangoja bahari ikauke," alisema, akijaribu kutabasamu.

Kwao walikwisha kumtajia msichana mwingine, wa kwaya, ambaye nyumba yao haina msiba. Kila mtu anasema subira huvuta heri. Wanaosema hivyo wengi wao wameshaolewa.

Halafu dada akatuma video, yenye jina la mahali tu, bila maneno mengine. Walikuwa wameshafika, visiwa vya mbali huko Asia. Nilitamani kuitupa simu kwenye choo. Badala yake nikampa mama, maana kumficha lingekuwa jambo baya zaidi.

Dada yumo majini mpaka kiunoni, anacheka, nywele zimelowa. Mama aliitazama, akaniambia niirudie. Nikairudia.

"Ni fasi gani?"

"Mbali, mama."

"Kupita kule anaishi?"

"Kupita kule."

"Maji ni ya moto?"

"Vile anacheka, ni ya moto."

"Ni vizuri," mama akasema, akanirudishia simu.

Asubuhi nilimkuta ameloweka mtama. Sikumwuliza, yeye hakuniambia. Mtama ukaota, akauanika, akausaga, akapika. Akatuma watu kumwita baba mdogo na majirani wetu wote wa kutoka Burundi. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa namwona akikoroga chungu kile nikashindwa, kwa sababu nilimfahamu: alikuwa ameacha kumngoja mtu.

Siku yenyewe tulitoka misani, tukakaa uani. Familia ya mchumba wangu walikuja, wakakaa nyuma kwa adabu. Chungu kikawekwa katikati. Baba mdogo akaingiza mrija, akasimama, akauliza kama desturi inavyotaka:

"Mukubwa wa batoto ba marehemu iko wapi?"

Watu wakainamisha macho. Wote walijua yuko wapi. Mama akainuka kwenye mkeka, akaja taratibu nyuma yangu, akaniwekea mkono begani.

"Ni huyu," akasema.

Baba mdogo alinitazama, akamtazama mama, akaninyooshea mrija. Nikainama, nikanywa zamu ya dada yangu mbele ya watu wote, na yeye yu hai.