Deheni kwenye Gurudumu la Masika

Lori alilokuwa akiliendesha Masika lilikuwa kuukuu, na watu wa Kengeja walishazizoea kelele zake zote: mabati kutetema, milango kugongana, honi kukohoa. Lakini mlio huu ulikuwa mgeni. Lori likienda polepole ulikuwa kama nyuki mmoja ndani ya kibuyu. Likiongeza mwendo, mzinga mzima ulikuwa umo humo. Masika aliusikia kwanza kwa nyayo, ukipanda kutoka kwenye bamba la chini, na tangu hapo hakutulia. Akila, anausikia. Akisali, rakaa zinamchanganyikia.

Abiria nao hawakumwacha. Bi Mwatum, aliyekuwa akipeleka ndizi zake Chake Chake, alimuuliza mbele ya watu, "Masika mwanangu, leo umetupakia sisi au umepakia majini?"

"Majini yangekaa kimya, Bi," alisema Masika, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Jumamosi wachumaji wa karafuu wangeanza kupanda, wanawake na watoto wao juu ya magunia, na njia ya Chake Chake ina mteremko ambao dereva huuteremka akisoma dua. Gurudumu likikwama pale, hakuna dua ya kulirudisha.

Alianza kwa kutafuta. Kwanza alishuku injini. Akatoa gia, akaliacha lori liserereke lenyewe, na mlio ukabaki vile vile. Basi si injini. Akawaza matairi, akayapapasa yote; hayakuwa na kosa. Kisha akagundua jambo: akikata kona ya kushoto, uzito wote ukaegemea kulia, mlio unakuwa ngurumo. Akikata ya kulia, unanyamaza kama mtoto aliyepewa muwa. Akarudia kona ile ile mpaka wenye shamba wakatoka kumtazama, wakiulizana kama homa aliyougua juzi ilimpanda kichwani.

Alipofika nyumbani akaliinua gurudumu la mbele la kulia kwa jeki. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akalizungusha kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauweka juu ya springi. Mkwaruzo ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Sasa alijua. Ni beringi, zile gololi za chuma zinazozunguka katikati ya gurudumu.

Beringi ya kubadilisha aliipata kesho yake Chake Chake, imetolewa kwenye gari iliyoanguka, na pamoja nayo alipewa grisi kidogo katika jani la mgomba. Miaka ile ya vita grisi ilikuwa adimu kuliko sukari. Ile aliyoipata ilitosha gurudumu moja, basi.

Akafungua kifuniko, na mikono ikasimama.

Ndani hamkuwa na grisi nyeusi. Mlikuwa na kitu cheupe cha kijivu, kimeganda pembeni kama lipu ya ukuta. Harufu yake haikuhitaji kuulizwa. Ilikuwa deheni, mafuta ya mnyama yaliyopondwa na chokaa, inayopakwa chini ya vyombo ili wadudu wa baharini wasile ubao. Na chokaa ndani ya gololi ni mchanga ndani ya jicho.

Kengeja nzima wiki ile ilikuwa na mtu mmoja mwenye deheni, naye alikuwa amekaa kwenye baraza ya Masika, anakunywa chai: Mzee Mmanga wa Kojani, fundi wa mashua, baba yake Mwanabaraka mkewe. Mzee huyu hakuwa ameutaka mwanzoni uposaji wa Masika, mtu ambaye babu yake alikuja kutoka bara. Tangu harusi hakuwahi kuukanyaga mlango huu. Hii ndiyo ziara yake ya kwanza, na alifika Masika akiwa kitandani na homa, analalamika kuwa grisi haipatikani.

Masika akaelewa yote. Mzee amemsaidia, kamtilia deheni badala ya grisi. Lakini amesaidia gurudumu moja, au yote? Ayafungue mengine mzee akimtazama? Hilo ni kumwambia usoni kwamba kaharibu. Akikuta kazi ile ile huko, beringi ya pili hana, wala grisi. Na asipojua, Jumamosi atawapakia watu juu ya asilolijua.

Alimnyatia mkewe jikoni, akamwomba amuulize baba yake. Mwanabaraka hata hakuinua kichwa kwenye chungu.

"Mimi nimuulize baba yangu kaharibu nini, siku za kwanza anakula wali wangu? Nenda wewe, uliyemtaka mwanawe."

Masika akarudi kwenye lori, akachukua spana, akaiweka, akaichukua tena. Akaenda kunawa mikono ambayo angeichafua tena papo hapo. Mwishowe akasogea barazani, akachuchumaa miguuni pa mzee.

"Baba, ile deheni ilitosha?"

Uso wa mzee ukafunguka. "Umeiona! Haikutosha hata kidogo. Gurudumu moja limeimeza yote. Lakini usihuzunike, nimeagiza kopo jengine, linakuja na mashua kesho. Nitakutilia yote."

Masika alishukuru kimoyomoyo, kisha akaliwaza lile kopo la kesho. Akainuka, akaenda kuitoa beringi, akaiweka katika kiganja cha mzee.

Mzee akaizungusha. Ikakwaruza. Akaizungusha tena, karibu na sikio. Akausaga unga wa kijivu uliotoka humo kati ya vidole viwili, vidole vilivyoijua deheni maisha yake yote.

"Chokaa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kama ungeniacha nitie kopo la pili, ungeniita mkwe kweli?"

Mzee alijifunga kikoi vizuri, akateremka, akaagiza nyundo yake. Pete ya beringi ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania. Mzee akaigonga huku na huku, kidogo kidogo, kama anavyosukuma pamba kati ya mbao za mashua, mpaka ikatoka bila kupinda. Masika akaosha kwa mafuta ya taa, akapaka grisi, akarudisha gurudumu, akakaza nati mpaka ikagoma, akailegeza kidogo, akatia pini. Hawakusemezana mengi, ila mzee aliuliza mara mbili kama kweli chuma hakipendi deheni.

Jumamosi Mzee Mmanga alipanda na wachumaji. Alikaa juu ya gurudumu lile lile. Kwenye kona ya kushoto, Bi Mwatum akauliza majini yamekwenda wapi.

"Gurudumu hili," alisema mzee, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "tumelitengeneza mimi na mkwe wangu."

Masika hakugeuka. Mteremko ulikuwa mbele. Alishusha gia, akatega sikio kulia, akatega kushoto, akasikia mabati na milango tu, na bado akaendelea kutega.