Mistari ya Zambarau

Niliisugua kwa dodoki. Heri nitangulie kulisema mwenyewe, maana dada yangu akipata nafasi atalisema yeye, na atatia chumvi. Asubuhi ya siku ya upasuaji, nikiwa bafuni kwake Houston, niliisugua mistari ya zambarau ambayo daktari alinichora kifuani jana yake, mistari ambayo kisu kilitakiwa kuifuata. Niliambiwa nisiisugue. Niliambiwa kwa Kiingereza chepesi kabisa, nami nikatikisa kichwa kama mwanafunzi wa mbele. Jimwagie maji, paka ile sabuni ya hospitali, jikaushe taratibu. Lakini mtu aliyelelewa na mama yangu haendi kuonana na daktari kabla hajajisugua mpaka visigino, na mkono ukishazoea njia yake hauombi ruhusa. Nilishtuka nilipoona maji miguuni yamekuwa rangi ya juisi ya zabibu.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikiwa na taulo na aibu. Kisha, aibu ilipopungua kidogo, nikajikuta nafurahi. Kwa nini nilifurahi ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Arlington, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, na kazi yangu ni kupokea simu za wateja nikiwa nimekaa sebuleni kwangu. Wenzangu huona kutoka nje ni raha. Mimi huona ni kuvaa viatu. Elimu yangu ni kidato cha nne, na kitu cha kwanza nilichopata pale shuleni kabla ya cheti ni matiti. Yalikuja mapema, yakaja yote kwa pamoja, na hayakusimama pale ya wenzangu yaliposimama. Mpaka mwaka 2018, nikiwa mwanamke wa makamo, yalikuwa yamenichimbia mifereji mabegani pale kamba za sidiria zinapopita. Chini yake nilikuwa na upele wa joto usiosikia poda wala dawa, nikawa nalala na vitambaa vya jikoni nimevikunja na kuvipachika humo. Shingo iliuma, mgongo uliuma, vidole vilikufa ganzi. Faida nayo ilikuwepo, nisiwe mchoyo wa ukweli: makombo ya chapati hayakuwahi kufika sakafuni kwangu.

Maji ya kunywa alinipandishia jirani yangu. Ni mama wa Kikenya wa mlango wa pili, anafanya kazi ya kutunza wazee, na ana mikono ya mtu anayegeuza watu wazima kitandani kutwa. Kila nikirudi dukani na yale maboksi ya chupa za maji, nilikuwa nasimama chini ya ngazi nikishika kiuno, yeye ananyanyua boksi, analiweka begani na kunipita.

"Wewe utaniua," alikuwa akisema. "Na sijakuzaa."

Ni yeye aliyeniambia kuna upasuaji wa kupunguza. Mimi nilidhani ni mambo ya watu wa sinema. Akaniambia hapana, huo ni ugonjwa wa mgongo uliohamia mbele, nenda kwa daktari umwambie unaumwa, usimwambie unataka kupendeza. Nikaenda. Bima ya kazini ikanizungusha: kwanza mazoezi ya mgongo, kwanza sidiria nzuri, kwanza dawa ya upele, kwanza picha. Nilipigwa picha bila kichwa, na nikajiona kwa mara ya kwanza jinsi ninavyoonekana kwa watu wengi ninaokutana nao. Mwisho wakakubali. Nikachagua daktari wa Houston kwa sababu dada yangu mkubwa anaishi huko, na mtu aliyetoka kupasuliwa anahitaji wa kumpikia.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Dada anapika, lakini anapika na maneno.

Kwetu, mkubwa akikusindikiza mahali, mkubwa ndiye anayeongea. Hata kama kutwa nzima unaongea Kiingereza na Wamarekani wenye hasira kuhusu mashine zao za kufulia, ukifika kwa daktari na dada yako, wewe ni mgonjwa na yeye ni mdomo. Humkatizi mbele ya wageni. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo; lilikuwepo tu, kama pua.

Basi siku ile ya kuchorwa tuliingia wote wawili. Daktari, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, alinisimamisha wima mbele ya kioo, kwa sababu matiti, alisema, yanasema ukweli mwenyewe ukiwa umesimama. Ukichorwa umelala yanakimbilia kwapani. Akanieleza yote. Ipo njia ya kufyonza mafuta tu, kwa tundu dogo, lakini hiyo hupunguza uzito bila kunyanyua kilicholala, na changu kilikuwa kimelala zamani. Ipo ya kukata duara kuzunguka chuchu na mstari mmoja kushuka chini, inayowafaa wenye kiasi. Na ipo ya tatu, ambayo huongeza mkato wa chini, kwenye mkunjo, upande hadi upande, hivyo kovu likipona linakuwa na umbo la nanga. Hiyo ndiyo yangu. Chuchu haitolewi, alisema. Inaachwa imeshikamana na kikonyo cha nyama yenye mishipa ya damu na ya hisia, kisha inapandishwa mahali pake papya, na ngozi ya pembeni inavutwa na kushonwa chini yake. Kwa wenye matiti makubwa kupita yangu, wakati mwingine inabidi iondolewe kabisa na kupandikizwa upya kama mche. Hisia zinaweza kupungua. Kunyonyesha kunaweza kushindikana. Ngozi nyeusi wakati mwingine hufanya kovu nene.

Nilielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Hii ilikuwa kazi ya kupunguza gauni: unatoa kitambaa pembeni, unafunga pensi zile za kubana kifua, unahamisha kifungo juu.

"Kwa hiyo unataka kushonwa kama gauni la mtumba," dada alisema kwa Kiswahili, akitabasamu kwa daktari.

"La mtumba lakini zuri."

"Nyamaza, anauliza saizi."

Daktari alikuwa ameuliza nataka kubaki na kiasi gani. Alisema hawezi kuahidi saizi ya sidiria, ila anataka kujua nia yangu, kwa sababu mistari inafuata nia. Dada akajibu. Alijibu kwa ufasaha, mkono kifuani kwake kupimia. Kidogo tu, alisema. Apunguziwe kidogo, mwili usionekane umeibiwa. Bado hajaolewa.

Daktari akanitazama mimi kupitia kioo. "Na wewe?"

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Nikachorwa sawa hiyo, kwa kalamu nene ya zambarau, duara na vipimo na mishale, huku dada akiangalia kama anayesimamia mafundi wa paa. Njiani kurudi kwake nilishika mkanda wa gari uliokuwa ukinikata katikati kama kawaida, nikafikiri: nitapasuliwa, nitashonwa, nitapona kwa maumivu, kisha nitarudi Arlington kusimama chini ya ngazi nikishika kiuno. Kwa ajili ya mwanamume ambaye hajapiga hodi. Nimembebea mizigo miaka yote hii, hata salamu hajaleta.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiria bafuni asubuhi yake, na dodoki likiwa mkononi. Sisemi nilifanya makusudi. Nasema tu mkono ulisugua kwa nguvu.

Dada alipoona kifua changu nikitafuta sidiria, alikaa kitandani.

"Umefanya nini?"

"Nimeoga."

"Umeoga. Mtu mzima. Watakata wapi sasa, watabahatisha?"

"Watachora tena."

"Mimi nitamwambia nini yule mama?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi, dada."

Alinitazama kama kabati limejibu. Tulipofika hospitali, Mungu alinisaidia kwa njia ya maegesho. Mitaa ile ya hospitali za Houston, kupata mahali pa gari ni safari ya peke yake. Dada akaniteremsha mlangoni na kuanza kupanda jengo la kuegeshea magari, ghorofa baada ya ghorofa. Nikaitwa kabla hajarudi.

Daktari alifungua gauni la hospitali, akaona kifua kimetakata. Nikasubiri karipio. Akacheka tu puani, akachukua kalamu. "Simama wima," akasema.

Nimezoea kusema na watu kwa simu, wakiwa hawanioni. Pale nilikuwa uchi hadi kiunoni, na mdomo wangu uko kwenye maegesho.

"Jana aliongea dada yangu," nikasema. "Leo naongea mimi. Nataka madogo. Nataka kulala kifudifudi. Nataka kubeba maji yangu."

Aliniuliza kama nina uhakika, maana akitoa mengi hayarudi. Nikamwambia ninao. Akasema kuna kiwango hawezi kukivuka, kwa sababu kikonyo kikikosa damu chuchu inakufa, lakini atafika karibu na kiwango hicho. Akachora. Nilimwona kwenye kioo akipima kutoka shimo la koo, na duara la juu likaja juu zaidi ya la jana, na mistari ya pembeni ikaachana zaidi, na kati yake kukabaki kile cha kuondoka. Kilikuwa kingi. Sikukihurumia.

Dada alifika akihema, nikiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu. Alifunua shuka kidogo, akachungulia.

"Mbona mistari imehama?"

"Imehama, dada. Mwenyewe ndiye ninayerudi nayo nyumbani."

Alifunika shuka. Akanichomekea shuka pembeni, kila upande, kwa ukali, kama alivyokuwa akinichomekea tukiwa watoto.

Baada ya upasuaji alinipikia mtori, kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Kila mgeni wake aliyeingia na kunikuta nimeegemea mito, na sufuria ya ndizi na nyama jikoni, aliuliza mtoto yuko wapi. "Kapunguziwa," dada alijibu, akaacha wahangaike. Kuhusu mwanamume yule asiyejulikana hakusema neno kwangu, ingawa nilimsikia akiongea na simu: "Kidogo kabisa. Kama wa sekondari." Alisema kwa masikitiko, lakini ni yeye aliyenifungia ile sidiria ngumu ya hospitali kila asubuhi, na hakuniumiza hata mara moja.

Chuchu ya kushoto haijui baridi wala joto mpaka leo. Kovu la kulia limekuwa nene kwenye kona, nalipaka mafuta. Makombo sasa yanafika sakafuni, imebidi nifagie. Nalala kifudifudi kama mtu aliyedondoshwa kutoka ndegeni, na nikiamka sijutii hata sentimita moja.

Nilirudi Arlington, nikakatazwa kunyanyua kitu kwa wiki kadhaa, na jirani akaendelea kupandisha maji. Siku katazo lilipoisha tulikutana chini ya ngazi, mimi nimevaa blauzi ambayo zamani isingefunga kifungo hata kimoja, na boksi la maji liko katikati yetu. Alinizunguka. Alinikagua mbele, akanikagua ubavuni, kama anayenunua mbuzi. Nilinyoosha mgongo nikisubiri sifa.

"Kumbe ulikuwa na shingo," akasema. "Haya, beba maji yako, mimi nimechoka na wewe."