Jiwe la Mfukoni mwa Zaid

Yumna akifungua mtumba wa makoti pale sokoni Gikomba, hatundiki hata moja kabla ya kupekua mifuko. Wenzake hutafuta pesa, yeye hutafuta habari. Akitoa tiketi ya treni na karatasi ya peremende, atakwambia mwenye koti alikuwa mzee wa nchi ya baridi, tena ana jino bovu. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. "Muhiba," huniambia, "mtu hudanganya, mfuko haudanganyi."

Siku hizi hacheki. Mumewe Zaid, utingo wa lori, aliondoka hapa Majengo baada ya Idi na hajarudi. Kilichorudi ni koti lake. Dereva wake, Sylvance, alilitupa kitini akasema Zaid aliteremka Marsabit kununua maji, akapotea. Juma lililofuata, mbele ya polisi, Marsabit ikageuka Kibwezi! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini huyu wetu alituachia njia mbili ndefu, moja ya kaskazini na moja ya Mombasa. Polisi wakatwambia turudi tukiwa na habari kamili. Nilimtukana Sylvance mpaka mate yakanikauka, na wallahi siombi radhi.

Yumna akapekua mifuko ya koti, akatoa jiwe la kiasi cha ngumi. Nje jeusi, lina vitundu. Ndani limeshika kipande cha kijani kinachong'aa, chenye vidoa vyekundu kama punje za komamanga. Zaid hakuwa anarudi safarini bila kumwokotea binti yake Abrar kitu cha huko alikopita. "Hili ameliokota kwenye njia waliyopita," Yumna akasema. "Tukijua kwao, tumejua aliko."

Nikampeleka mtaa wa Lucky Summer kwa Kyule, aliyekuwa mpangaji wa mamangu, ambaye sasa anafundisha mambo ya miamba chuoni. Kyule akalitazama kwa kioo cha kukuzia, uso ukamchangamka.

"Mama Abrar, hili la kijani halikuzaliwa na hili jeusi. Ni mgeni. Volkano ilipokuwa inapanda ililing'oa huko chini, ikaja nalo. Hivi vyekundu havijiumbi humo mpaka jiwe libanwe sana. Limetoka zaidi ya kilomita sitini chini ya miguu yetu! Hakuna mashine iliyowahi kuchimba ikafika huko. Wageni kama hawa ndio wanaotusimulia kulivyo, joto lake na uzito wake."

"Na huku juu?" Yumna akauliza.

"Juu vipi?"

"Limeokotwa wapi, mwalimu? Marsabit au Kibwezi?"

Kyule akaweka kioo chini. "Marsabit yapo," akasema polepole. "Na kwenye vilima vya Chyulu, karibu na Kibwezi, yapo pia."

"Basi lipasue ulipime!"

"Itachukua miezi, mama. Na bado naweza kukosea."

Sijawahi kumsikia Yumna akipiga kelele vile. "Kilomita sitini chini ya ardhi unakujua! Mume wangu yuko hapa hapa juu, na hata kama wamemzika ni futi sita tu, na hakuna anayejua! Hakuna!" Kyule akamrudishia jiwe kwa mikono miwili, machozi yakimlenga. Nami nililia, kwa nini nifiche?

Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake Yumna aliuza makoti yote kwa bei ya kutupa, akavaa la Zaid, akanivuta hadi ofisi moja ya mabasi yaendayo pande zote. Nikamwambia, tulia kwanza, shoga yangu, tufikiri. Weee! Ni kama niliuambia ukuta.

"Mathe, unaenda wapi?" akauliza kijana wa tiketi.

Yumna akatia mkono mfukoni, akaliweka jiwe mbele ya kijana.

"Kwao hili," akasema.

Kijana akalitazama, akatutazama sisi. "Mathe, niambie mahali. Kuna watu nyuma."

Kweli walikuwepo, na walishaanza kusonya. Yumna akanigeukia mimi. Mimi mwenye mdomo wa kutukana madereva nilitafuta jina moja kati ya yale mawili, lolote, na ulimi haukunyanyuka. Yumna akalichukua jiwe lake, na kijana akamhudumia aliyekuwa nyuma yetu.