Herufi Mbili Mlangoni mwa Pikapu

Kabla ya kustaafu nilifanya kazi kwenye mizani ya malori kwa miaka mingi, kwa hiyo sijui kupita karibu na gari lililobebeshwa bila kuangalia magurudumu ya nyuma. Asubuhi moja nilikuwa nimekwenda Lavington kununua miche ya sukumawiki kwa mama mmoja anayeuza maua na kutengeneza bustani kando ya barabara. Nilimkuta na dereva wake wakipakia mawe bapa ya kutandaza njiani kwenye pikapu aliyoinunua mwezi uliotangulia. Springi za nyuma zilikuwa zimeanza kunyooka kwa uzito.

Mawe hayo yalikuwa yakienda Muthangari, kwa mteja aliyekuwa na wageni kesho yake. Pale kwenye mtaa wenye geti, magari ya mizigo huruhusiwa kuingia mwisho saa sita mchana. Ilikuwa karibu saa nne. Mteja alikuwa ameshamwambia mama kwamba akichelewa, kazi yote ya bustani atampa mtu mwingine.

"Mawe arobaini na magunia sita ya udongo," mama aliniambia. "Tripu moja tu, tumemaliza."

"Umepima?"

"Jiwe moja ni kilo ishirini na nane. Gunia ni hamsini. Jumla elfu moja mia nne na ishirini."

"Na gari inabeba ngapi?"

Dereva, mtu wa Kakamega mwenye utani mwingi, aligonga mlango. "Si imeandikwa hapa, mzee? T.W. elfu moja mia tano na kumi. Tumebakisha kilo tisini. Hiyo ni wewe, ingia twende."

Walicheka wote wawili, nami nikacheka. Kosa hilo nilikuwa nimeliona mara nyingi, hata kwa watu walioendesha magari tangu ujana. Maandishi yale ya rangi nyeupe yako mlangoni, ni makubwa, na mtu hudhani kitu kikubwa hivyo lazima kiwe kinamwambia ruhusa yake.

"Hiyo si ya mzigo," nilisema. "Hiyo ni uzito wa gari yenyewe ikiwa tupu."

Dereva aliacha kucheka. Mama alitazama zile herufi mbili kama anazisoma upya.

Nilifungua mlango, nikawaonyesha kibati kidogo kwenye nguzo ya mlango. Hapo paliandikwa uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kilichomo: elfu mbili mia sita na hamsini. Toa uzito wa gari tupu, zinabaki elfu moja mia moja na arobaini. Toa watu watatu wanaoweza kukaa kabini. Toa fremu ya chuma waliyochomelea juu ya bodi baada ya maandishi ya mlangoni kupakwa. Tulipata kama mia nane na sabini.

"Wacha!" mama alisema. "Na hizi namba mbili za chini?"

"Kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na kikomo chake. Wewe unasukuma wilbaro kila siku. Ukiweka jiwe karibu na gurudumu, gurudumu ndilo linalobeba. Ukiliweka karibu na mishikio, je?"

"Mikono inalia."

"Basi. Mawe haya yote mmeyarundika kwa mlango wa nyuma. Ekseli ya nyuma inalia, na ya mbele inanyanyuka. Kwenye mteremko usukani unakuwa mwepesi, dereva anazungusha na gari haimsikii."

"Mzee wa mizani, sasa umenitia baridi," dereva alisema.

Mama alitazama saa yake. Tripu mbili, na kupakia na kushusha kwa mikono, zilimaanisha ya pili ingefika baada ya saa sita. Akachukua simu, akampigia mteja, na nilisikia sauti ya upande wa pili ikipanda.

"Nilisoma vibaya, mama," alimjibu mteja. "Gari yangu haiwezi yote. Nusu nitaleta sasa, nusu itafika geti imefungwa. Tutabeba kwa mikono kutoka nje."

Walipakua mawe ishirini. Yaliyobaki waliyasogeza mbele, yakaegemea kabini, na magunia yakafuata.

Niliwasindikiza kwa safari ya pili, kwa sababu nilijiona nimechangia kuchelewa kwao. Soja, mlinzi wa geti, alikataa kufungua, kwa adabu. Tukashusha mawe nje ya ukuta, tukayapitisha kwenye mlango mdogo wa waendao kwa miguu, moja moja. Mteja alisimama kibarazani akihesabu kwa macho. Kwenye la kumi na tatu au la kumi na nne alituletea jagi la maji, akamwuliza mama kama anajua kupanda nyasi pia.

"Najua," mama alisema, akaenda kubeba lingine.