Mukono ya Tata Debora

Bamama, leo furaha yangu imegeuka woga.

Bwana yangu ni krezeri, anachimba mawe ya madini mu mashimo ya Mutoshi. Mule mu shimo, jiwe ilimupasua kiganja. Kidonda kilipona, lakini kovu ikavuta bidole, bikabakia bya kujikunja.

Munganga aliniambia nikande kovu na mafuta kila siku. Nikakanda, ye analia, mi naomba Mungu.

Leo bidole byote bimenyooka! Nikapiga bigelegele mpaka jirani akatokea.

Bwana akacheka. Akaenda nyuma ya mulango, akakamata nyundo yake. Akaishika nguvu.

"Mama Debora, aksanti. Kesho narudia mu shimo."

Weee! Kumbe ni mi njo nilikuwa namurudisha kule?

Sasa hivi ananinyooshea mukono: "Leta mafuta, kovu isivute bidole tena."

Chupa nimeikalia.

Bandugu, ingekuwa ninyi, mungetoa?